Mwaka Tuliosoma Pekupeku

Tulimzika Prefe Kashindi, aliyekuwa mkuu wa shule yetu ya sekondari, Jumanne, na Jumatano mchana nilikuwa bado nimeketi uani kwake Rugenge, kwenye kiti cha plastiki, sahani ya maharage mapajani, nikicheka. Nasema nilikuwa nikicheka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sioni kwa nini niandike vinginevyo. Mzee alikuwa ameishi maisha yake mpaka mwisho wake. Alikula chakula cha mchana, akajilaza akiwa na soksi zake za sufi, zile alizovaa hata katika joto la Uvira kwa sababu miguu yake, alisema, haikuwahi kushuka kutoka milima ya Rurambo, na hakuamka tena. Watu aliowafundisha walikuja kutoka Kalundu, kutoka uwanda wa Ruzizi, wengine waliteremka mlimani na maziwa ndani ya vibidoni, na kila aliyefika alikuwa na kisa chake cha Prefe. Mjane wake alikuwa akizunguka kati ya viti akihakikisha tunakula. Aliponifikia alinishika kichwa, juu ya mtandio, akawatangazia wote, "Mumuone huyu. Huyu ndiye alituletea vita kwa shule." Watu wakageuka. "Mama, haikuwa vita," nikasema. "Ilikuwa vita," akajibu. "Minye ndiye nilikuwa napikia majenerali." Neema, aliyekuwa ameketi kando yangu, alicheka hadi maharage yakampalia, ikabidi nimpige mgongoni kama nilivyokuwa nikimpiga tulipokuwa tukishiriki benchi moja darasani.

Nimekuwa nikiufikiria mwaka ule tangu Jumatano ile. Tulikuwa mwaka wa sita, mwaka wa mwisho wa sekondari, ambao huishia kwenye mtihani wa taifa, Egzetat kama unavyoitwa na kila mtu kwetu, hata na mabibi ambao hawajawahi kushika kalamu. Shule yetu ilikuwa shule ya leta, yaani ya serikali. Mjini kwetu shule nyingi zina mwenyewe: hii ya Wakatoliki, ile ya Waprotestanti, nyingine ya Waislamu. Ya kwetu haikuwa na mwenyewe ila nchi, na nchi ilikuwa mbali. Hakukuwa na sala asubuhi, hakukuwa na kitu ukutani isipokuwa ramani ya Kongo iliyoliwa na mchwa upande wa Katanga. Sisi wasichana wa Kiislamu, ambao hatukuwa hata kumi, tulikuwa na desturi yetu ambayo hakuna aliyetufundisha. Tulifika langoni, tukavua mitandio, tukaikunja mara nne, tukaingiza ndani ya mfuko kati ya daftari na chupa ya maji. Jioni tulitoka, tukaivaa tena. Nilifanya hivyo miaka mitano bila uchungu wowote. Ningeulizwa wakati ule kama inaniumiza, ningecheka. Mtu haumizwi na kitu anachokifanya kila siku saa ile ile, kama kupiga mswaki.

Kisha ziwa likapanda. Lilikuja polepole, kwa adabu, kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Kwanza lilifika uwanja wa mpira, kisha vyooni, kisha asubuhi moja tukakuta vidagaa viwili hai chini ya meza ya mwalimu wa kemia. Mwalimu aliviangalia akasema, "Hawa nao hawajalipa minerval," yaani karo, na somo likaishia hapo, na shule pia. Kwa wiki tatu tulikaa nyumbani. Wenye shule zilizokuwa kavu waliahidi kutusaidia, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze, mpaka Mwalimu Ramazani, mkuu wa shule ya msingi ya Kiislamu karibu na Kalundu, alipomtumia Prefe ujumbe mfupi: watoto wangu wanatoka saa sita, ukumbi ni wenu kuanzia saa saba, njooni na chaki zenu.

Nataka kuieleza vizuri siku ile ya kwanza kwa sababu makosa yote yalianzia pale, na yalikuwa makosa mazuri. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Prefe alitupanga mistari mbele ya mlango, akatuhutubia kuhusu heshima ya mgeni, kisha akageuka, akautazama ule ukumbi uliopakwa rangi ya kijani, maandishi ya Kiarabu juu ya ubao, mikeka iliyoviringishwa kwenye kona. Akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akaviweka kando ya ukuta, akaingia na soksi zake za sufi. Hakusema neno. Wanafunzi zaidi ya sitini tukainama pia. Kukawa na vurugu na vicheko. "Weye, soksi yako iko na dirisha!" mmoja alipiga kelele. "Afadhali dirisha, yako iko na mlango mzima!" Mimi nilikuwa nimesomea alif na be katika ukumbi ule ule nikiwa na miaka sita, na nilijua vizuri kwamba ni darasa tu, kwamba watoto huingia na viatu vyao, kwamba msikiti uko ng'ambo ya barabara. Lakini nilifikiri Mwalimu Ramazani ndiye aliyemwomba Prefe tuvue, labda kwa sababu ya matope. Nikavua, nikanyamaza.

Kumbe Mwalimu Ramazani alikuwa akitutazama kutoka dirisha la ofisi yake. Aliona shule nzima ya leta, na mkuu wake mbele, ikivua viatu bila amri yoyote, akasema moyoni kwamba hiyo lazima ni kanuni mpya ya serikali kuhusu usafi, na kwamba shule yake isije ikaonekana nyuma. Kesho yake akawaambia watoto wake wa asubuhi wavue. Kwa hiyo kwa miezi miwili na nusu pande zote mbili ziliingia ukumbini pekupeku, kila upande ukitii kanuni ya upande wa pili ambayo haikuwepo. Sakafu ilikuwa baridi na safi. Saa tisa na nusu muadhini alipoita kutoka ng'ambo ya barabara, Prefe alisimamisha chaki hewani, akasubiri mpaka sauti iishe, kisha akamalizia mlinganyo pale alipouachia. Tulikuwa tumebanana, tulisikia harufu ya miguu ya wenzetu, na sijawahi tena kusoma kwa furaha kama ile.

Kuhusu mtandio, sikuamua chochote. Siku ile ya kwanza nilifika langoni, nikapeleka mkono kichwani kama kawaida, na mkono ukakataa. Nyuma ya ukuta wa uani kwa Mwalimu kulikuwa na majirani zetu wakianika nguo, shangazi zangu wawili miongoni mwao. Ningewezaje kuvua mbele ya madrasa ambako kila mtu alijua nilizaliwa lini? Niliona haya, basi, nikaingia nilivyo. Lakini siku ya tatu au ya nne, katikati ya somo la hesabu, niligundua kitu ambacho mpaka leo nashindwa kukisema bila kukikuza. Niligundua kwamba nilikuwa nimekuwa mtu mmoja tangu asubuhi. Yule aliyeamka, aliyechota maji, aliyesali, aliyepanda barabara ya Kalundu na kufika benchini kwa Neema, alikuwa yule yule. Hapakuwa na mahali njiani nilipomkunja mara nne. Nikajua, hapo hapo, huku Prefe akiandika, kwamba miaka mitano nilikuwa nikiacha kitu langoni, na kwamba sitakiacha tena. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na lilikuwa jambo la kwanza maishani kulijua bila kuambiwa na mtu.

Mwenyekiti wa komite ya wazazi alikuwa Papa Deo, fundi wa injini za boti pale bandarini, mtu mwenye mabega mapana na harufu ya mazutu, yaani dizeli, isiyotoka hata Jumapili. Binti yake Riziki alikuwa darasa la chini yetu. Alikuja kututembelea mwishoni mwa mwezi wa pili wa ugeni wetu, akachungulia dirishani, akaona mitandio mitatu, wangu na ya wasichana wawili wa mwaka wa tano, akaona aya ya Kurani juu ya ubao. Alimwita Prefe nje, lakini mtu aliyezoea kuzungumza juu ya kelele za injini hana siri. Tulisikia kila neno.

"Prefe, leta iko laiki. Laiki maana yake haina dini. Minye nilileta mutoto wangu kwa leta, sikumuleta kwa sheikh."

"Papa Deo, sisi ni wageni hapa."

"Ndiyo ile nasema! Mgeni ndiye wanabadilisha haraka."

Kisha akasema masharti yake. Saa zetu zikianza, ile aya ifunikwe na shuka. Wasichana wavue mitandio, kama walivyovua siku zote. Na orodha ya watahiniwa wa Egzetat, ambayo shuleni kwetu haikuondoka bila sahihi ya mwenyekiti wa komite, hataitia sahihi ikiwa na picha ya mtu aliyejifunika. Orodha ilitakiwa kuondoka baada ya wiki mbili. Wasichana wawili wa mwaka wa tano walikuwa na mwaka mzima mbele yao. Katika mwaka wa sita nilikuwa peke yangu. Neema alinishika mkono chini ya meza, akanikanyaga pia, sijui kwa nini.

Nyumbani mama alikuwa akikaanga ndagala, shangazi Mwamini akichambua mchele, na habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mama hakuinua macho kutoka kwenye karai. "Utavua," alisema. "Ulivua miaka mitano, nywele zako hazikuanguka." Nikasema si suala la nywele. "Najua si nywele. Sikiliza, mwanangu. Sisi hapa ni wachache. Babu zako walifika na chumvi na vitambaa, wakauza, wakazika watu wao, wakakaa vizuri na kila mtu. Unajua walifanyaje? Hawakupiga kelele. Mvua ikinyesha walisema mvua, jua likiwaka walisema jua." Shangazi Mwamini akatupa jiwe dogo la mchele uani. "Na walikuwa wakitembea vichwa wazi?" aliuliza. "Mwamini, usinichochee mtoto." "Minye sichochee. Nauliza tu." Mama akageuza samaki wote kwa ghadhabu, mmoja mmoja. Ninapoikumbuka jioni ile nauona woga wake ulivyokuwa na upendo ndani, kama ndagala wenyewe walivyo na mifupa: huwezi kula kimoja ukakiacha kingine. Alitaka nipate diploma. Alikuwa tayari kunipunguza kidogo ili nipite mlangoni.

Jumapili iliyofuata Neema alinialika kwao Rugenge. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la mabati, na nyumba yao ilikuwa na sebule mbele na jiko nyuma, na kati yake pazia tu. Tulikuwa jikoni tukila bugali na sombe ya majani ya muhogo, na mkeke mmoja mkubwa, samaki wa ziwa letu, tuliougawana kwa vita vya vidole, tuliposikia Papa Deo akikaribishwa sebuleni. Alikuja kutafuta uungwaji mkono kabla ya mkutano wa wazazi. Neema aliweka kidole mdomoni. Nikabaki na tonge mkononi.

Pastori alianza kwa mzaha. "Deo, kwangu wamama wote wanasali na fulari kichwani. Ukimaliza na mutoto wa Kiislamu, utakuja kwa kwaya yangu?"

"Kwa kanisa lako wafunike hata miguu. Hiyo ni nyumba yako. Minye nazungumzia shule."

"Na wewe ukienda mkutanoni utavua hiyo rozari?"

Tukasikia kitu chepesi kikiwekwa mezani. "Nimevua. Unaona? Sibagui." Halafu Papa Deo akaanza kuzungumza kwa sauti ambayo sikujua anayo, ya chini, bila injini. Alisema alipokuwa na miaka kumi na miwili alitembea kutoka kijijini hadi kwenye shule ya wamisioni, akiwa wa kwanza katika darasa lake. Wakamwomba karatasi ya ubatizo. Baba yake alikuwa na wake wawili, hakuna aliyembatiza. Wakamwambia arudi akiwa nayo. Alisimama mlangoni mpaka kengele ikalia, wenzake wakaingia, akarudi nyumbani, na mwaka ule ule akaanza kuosha vipuri bandarini. Alibatizwa baadaye, mtu mzima, kwa hiari yake. "Lakini niliapa," alisema. "Mutoto wangu atasoma mahali muntu hamuulize anaomba nani."

"Sawa, ndugu yangu," Pastori akasema polepole. "Lakini sasa weye ndiye unauliza."

"Minye siulize anaomba nani! Nasema asinionyeshe!"

Neema alinitazama nikiwa bado na tonge langu. Alitarajia nicheke, nadhani. Lakini nilikuwa nimeshamwona yule mtoto amesimama mlangoni, na ilikuwa imeniharibia kabisa hasira yangu, ambayo nilikuwa nimeitunza vizuri kwa wiki nzima.

Nilimweleza Prefe kesho yake. Si yale ya jikoni, bali kwamba nataka kuzungumza mkutanoni na sijui kama inaruhusiwa. Alikuwa akisahihisha karatasi kwenye ofisi ya kuazima, mguu mmoja juu ya mwingine, soksi zikionekana. "Inaruhusiwa," alisema. "Kwa sharti. Utaanza na maneno yake. Siyo kuyakejeli. Utayasema mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, hivyo ndivyo. Asiposema, unakaa chini." Aliniambia baba yake alikuwa akifanya hivyo Rurambo wachungaji wa ng'ombe walipogombania malisho: hakuna aliyesema kesi yake kabla hajaisema ya mwenzake. "Na nikiisema vizuri sana, Bwana Prefe, si atashinda?" Akainua kalamu nyekundu. "Basi atakuwa ameshinda kwa haki, na weye utavua fulari yako ukijua kwa nini. Hiyo pia ni elimu." Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nikitembea barabarani nikisema maneno ya Papa Deo kimoyomoyo, na jambo la kuogofya ni kwamba yalikuwa yakipendeza.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi ule ule. Wazazi walikuwa wakivua viatu mlangoni, maana watoto wao walikuwa wamewaambia, na ukuta wa nje ulikuwa na mstari wa sandali, mabuti na viatu vya kanisani. Papa Deo alifika wa mwisho, moja kwa moja kutoka bandarini, akakanyaga kizingiti na mabuti yake makubwa.

"Papa, viatu!" sauti kama ishirini zikalia pamoja.

Akasimama. Akatazama miguu ya watu wote. "Hii nayo ni nini? Leta imeamuru watu wavue viatu? Prefe! Nani alitoa kanuni hii?"

Prefe akainuka kwa utulivu. "Ni kanuni ya wenyeji wetu. Tunaiheshimu."

Mwalimu Ramazani, aliyekuwa ameketi kando kama mwenye nyumba, akakunja uso. "Kanuni ya nani?"

"Yenu, Mwalimu. Ya ukumbi."

"Sisi hatuna kanuni hiyo. Hii ni shule ya msingi, watoto wetu walikuwa wakiingia na viatu tangu jengo lijengwe. Tulivua kwa sababu nyinyi mlivua. Nilifikiri ni amri ya serikali."

"Serikali?" akasema Prefe.

"Usafi," akasema Mwalimu Ramazani, sauti ikipungua.

Walitazamana wale wakuu wawili, kila mmoja na soksi zake. Mtu mmoja nyuma akatoa sauti kama ya mpira unaotoboka, na baada ya hapo hakukuwa na namna ya kuwazuia watu. Pastori alilia machozi. Mama yangu, aliyekuja na kuketi mwisho kabisa karibu na mlango ili aweze kuondoka bila kuonekana, alificha uso kwenye khanga, mabega yakitikisika. "Miezi miwili!" mama mmoja alikuwa akirudia. "Miezi miwili mutoto wangu anarudi na soksi nyeusi!" Hata Papa Deo alicheka, kwa pua, bila kutaka. Lakini nilipomwona akiyatazama mabuti yake, peke yake amevaa katika ukumbi mzima, na kuanza kuyafungua bila kuambiwa tena, nilijua sasa ndipo niinuke.

Nilisimama. Nikasema maneno yake. Nikasema kwamba nchi yetu ina makanisa na misikiti na kila aina ya nabii, na kwamba mtu akitaka kusali hakosi mahali. Nikasema kwamba mahali ambapo mtu ni raia tu ni pachache sana, na shule ya leta ni mojawapo. Nikasema kwamba dini ikiingia darasani kwa mlango mdogo, hata kwa kitambaa, kesho dini ile yenye watu wengi itaingia kwa mlango mkubwa, na watakaoumia kwanza ni wachache, ndio sisi. Papa Deo alikuwa ameinua kichwa. "Endelea," akasema. Nikasema kwamba kuna mtoto alisimama mlangoni mwa shule akiwa wa kwanza darasani, na hakuingia kwa sababu ya karatasi ya Mungu, na kwamba anayekumbuka mlango ule ana haki ya kuogopa kila kitu kinachofanana na karatasi ile.

Papa Deo alinitazama kwa muda mrefu. "Nani alikuambia?"

"Nilikuwa jikoni kwa Pastori, Papa. Nilikuwa nakula. Nisamehe."

Alipitisha kiganja usoni. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Hivyo ndivyo. Hivyo ndivyo ninavyosema." Na nikamwona Prefe akitikisa kichwa kidogo, maana yake, sasa yako.

Yangu yalikuwa mafupi kuliko nilivyoyaandaa. Nilisema kwamba miaka mitano niliacha kitu langoni na sikujua kina uzito gani mpaka nilipokibeba ndani. Nilisema sitaki mtu yeyote avae kama mimi, na sitaki sala yangu iandikwe kwenye daftari la mtu. "Nataka kufanya Egzetat, Papa. Wewe walikuzuia kwa karatasi uliyokosa. Mimi nazuiwa kwa kitambaa nilichonacho. Naomba usinisimamishe pale walipokusimamisha wewe." Nikakaa. Sikuona kitu kingine kwa muda, maana Neema alikuwa amenikumbatia kichwa na mkono wake ulikuwa machoni pangu.

Papa Deo alisimama akaenda mlangoni, akatazama ziwa, na watu wakaanza kunong'ona kwamba ameondoka. Aliporudi alizungumza akimwelekea Mwalimu Ramazani. "Ukuta ni wako, Mwalimu. Andika unachotaka. Na kichwa ni chake, avae anachotaka. Nitatia sahihi. Lakini siku tutajenga tena shule yetu, kwa ukuta wake sitaki msalaba, sitaki mwezi, sitaki picha ya muntu. Nataka karte ya Kongo, basi. Na muntu asije kuniambia wengi wanataka." Akamtazama Pastori, ambaye aliinua mikono yote miwili. Nikapiga makofi kabla ya wengine. Niliona, na bado naona, kwamba alikuwa na haki kuhusu ukuta. Shule ile ilijengwa juu zaidi, mbali na maji. Mwanangu wa kwanza anasoma pale sasa, Riziki ndiye mwalimu wake wa jiografia, na ukutani kuna ramani peke yake. Kuna nyakati watu wa dini moja au nyingine hufika na zawadi nzuri ya kutundika. Hurudishiwa kwa shukrani. Tumegombana mara nyingi, mimi na Papa Deo, kuhusu mambo ya mji, na kila mara huanza kwa kunieleza maneno yangu, vibaya, na mimi humwambia hapana, rudia.

Jumatatu Prefe alitangaza kwamba viatu ni hiari. Nusu ya darasa waliingia navyo, wakipiga kishindo kwa makusudi. Yeye alivua. Mwalimu Ramazani pia, nasikia, aliendelea kuwavulisha watoto wake, kwa sababu sakafu ilikuwa imezoea. Picha yangu ilipigwa nikiwa na mtandio, masikio nje ili nitambulike, kama ilivyokubaliwa na komite, na ninafanana pale na mtu anayesikiliza kitu kwa makini sana.

Matokeo yalitoka mchana wa jua kali. Kwetu kila mtu anajua matokeo yametoka kabla ya kuyaona, kwa kelele zinazotoka nyumba hadi nyumba, na kwa poda. Mtahiniwa aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, yenye harufu ya mtoto mchanga, na hutembea mjini siku nzima akiwa mweupe ili kila mtu amwone. Ujumbe wangu ulifika kwenye simu ya shangazi Mwamini. Alipousoma alipiga vigelegele vilivyowaamsha mbuzi wa jirani, na mama akaketi chini, pale pale alipokuwa, karibu na jiko. Neema alikuwa ameshafika, mweupe tayari hadi kope, nywele zake za kusuka zikiwa kama kamba zilizochovywa kwenye unga. Ua ukajaa. Kila mtu alinikumbatia, kila mtu alikuwa na poda, na hakuna aliyenimwagia. Walikuwa wakinipaka kidogo shavuni, kidogo mkononi, kwa uangalifu, kama mtu anayepaka dawa. Niliona wanavyonitazama kichwani na kusita. Nikafikiri, ni sawa, nimefaulu, mashavu yanatosha.

Ndipo Papa Deo akaingia. Riziki wake alikuwa bado mwaka wa tano, hakuwa na sababu ya kutoka bandarini siku ile. Alikuwa na kopo jipya la poda, kubwa, mfuniko umeshatolewa. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele yangu, mkono ukapanda moja kwa moja juu ya kichwa changu kama mkono wa baba yeyote mjini mchana ule, kisha ukasimama hapo hewani. Harufu ya mazutu ilikuwa imechanganyika na ile ya poda.

"Binti," aliuliza kwa sauti ya chini, "kwako inamwagwa wapi?"

"Hapo hapo, Papa," nikasema, nikainama.

Ilishuka baridi juu ya mtandio, ikateleza masikioni, shingoni, ndani ya kola, machoni, na sikuona tena mtu yeyote, nilisikia tu mama akicheka mahali fulani na kupiga chafya. Nilifikiri amemaliza. Alikuwa bado. Alimwaga kopo zima, kisha akaligeuza na kulipiga tako kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, ili hata ile iliyoganda chini itoke.